Mgonjwa Tuliyempa Zamu ya Kulinda

Nina wadogo wawili wa kiume, na kwa karibu miaka miwili niliishi na hofu ya kumzika mmoja wao. Kosa langu ni kwamba nilikuwa nimekwisha kuamua ni yupi.

Wa kati ni mtu wa kelele tangu tumboni. Mama husema alipokuwa mimba alimpiga mateke hata kanisani, watu wakiwa wamefumba macho wanaomba. Akifurahi, mtaa mzima unajua. Akikasirika, na mtaa wa pili unajua. Mke wake alipomwacha akarudi kwao Kisenge pamoja na mtoto wao, aliugua. Mwanzoni tulidhani ni hasira tu. Kisha akaacha kula, akaacha kuoga, akawa analala mchana kutwa na kuamka analia. Hapa kwetu Kolwezi ugonjwa huo hauna jina kubwa. Tunasema "eko na mawazo mingi", basi, tumemaliza. Daktari aliyemwona alitumia neno la Kifaransa, dépression, na kwenye vitabu vya Kiswahili nimeona unaitwa sonona. Kwa jina lolote lile, ulikuwa unammaliza ndugu yangu.

Na hakuugua kimyakimya. "Mi ntakufa!" alikuwa akisema mbele ya wageni, mbele ya sahani ya bukari, ugali wetu. "Mutakuya kunilia, mutaona!" Mama alikuwa akiziba masikio. Mimi Mungu hakunipa subira nyingi, na hiyo kidogo aliyonipa naimalizia shuleni kwa watoto sitini wa darasa la nne. Nilikuwa nikimjibu: "Kufa basi, lakini kwanza kula." Leo maneno hayo yananiuma ninapoyaandika. Wakati ule niliyaona ni dawa.

Ukali ulikuwa wa mdomoni tu, kwa maana tulimlinda. Tulipanga zamu. Mama alikaa naye asubuhi, mimi baada ya shule. Jumamosi na kila saa ambayo sisi tulishindwa, alikaa naye kitindamimba wetu.

Huyo ni mtu ambaye hujui kama yupo nyumbani mpaka uone viatu vyake vimepangwa mlangoni. Alipokuwa mdogo, nilimfundisha mimi mwenyewe darasa moja, na akidondosha wino kwenye ukurasa aliuandika upya wote, hata kengele ikiwa imekwisha kulia. Nilimsifu sana. Kosa lako wewe alilisamehe kabla hujamaliza kuomba radhi, lakini la kwake alikaa nalo miezi. Alikula wa mwisho. Akishikwa na malaria alisema "haiko mubaya sana", huku meno yanagongana. Wageni wakija, mama alimtaja yeye kwanza. Kila mzazi wa mtaani kwetu alitamani mtoto wa namna ile, na mimi nilitamani yule wa kati aige hata robo yake.

Alikuwa mchimbaji pale Kasulo, ambapo watu wamechimba kobalti chini ya nyumba zao wenyewe. Shimo la timu yake lilianzia mahali palipokuwa sebule ya mtu. Bado kalenda ya zamani ilining'inia ukutani. Yeye hakuwa wa kushuka sana. Alikaa juu, akishika kamba. Walio chini wakitaka kupandishwa, au wakiona hatari, huvuta kamba, na aliye juu lazima asikie kwa mikono. Kazi hiyo hawampi mtu wa maneno mengi.

Msimu mmoja wa mvua udongo ulishuka ndani ya njia ya pembeni ukamfunika mwenzao mmoja. Kitindamimba wetu alikuwa ameshika kamba. Haikuvutwa. Marehemu hakupata hata nafasi ya kunyoosha mkono kuifikia. Wote waliokuwa chini walisema hivyo, na mkuu wa timu alisimama kilioni akasema mbele ya ukoo wa marehemu kwamba hakuna mtu wa kulaumiwa. Mdogo wangu alisema "ndiyo" kwa kila aliyemwambia si kosa lake. Aliitikia kwa adabu, kama mtu anayepokea zawadi asiyoitaka.

Baada ya hapo alikonda, nasi tukasema ni kazi. Akawa anaamka saa tisa za usiku na kukaa uani mpaka kuche, nasi tukasema huyu kijana anajua kujituma. Aliacha kuimba kwaya. Tukasema amekua, ameacha mambo ya ujana. Kila jioni alifungua na kufunga tena mafundo ya kamba ya kazini, moja moja, mara nne, mara tano, na mimi, mwalimu, nilimwonyesha kwa watoto wa jirani: tazameni mtu makini. Kila dalili ya ugonjwa wake ilikuwa tayari na sifa yake nyumbani kwetu, nasi tulimsifu.

Wahenga wamesema kimya kingi kina mshindo mkuu. Methali hiyo naifundisha kila mwaka, naiandika ubaoni kwa mkono wangu, watoto wanaiimba. Wengine hujitetea kwamba nyumba usiyolala ndani hujui ila yake. Sisi tulilala ndani. Tulimpa mgonjwa zamu ya kumlinda mgonjwa, na alipoifanya vizuri tulimwongezea.

Sasa nieleze desturi moja ya timu yao, kwa sababu ndiyo iliyotupofusha. Mchimbaji anayeacha kuchimba kabisa haendi na taa yake nyumbani. Wanasema taa ya kichwani ikilala nyumbani kwa mtu, itamwita arudi shimoni. Kwa hiyo huwaachia wenzake, wanaagana, kisha humuuliza: "Unaenda kufanya nini?" Lazima ataje kazi. Nitaendesha pikipiki. Nitauza makala ya kupikia. Nitarudi Sandoa kulima. Akishataja wanapiga makofi, na shimo halina tena haki juu yake. Sijui kama mashimo mengine hufanya hivyo. Wao waliishika desturi hiyo kama sheria.

Alhamisi moja kitindamimba wetu aliacha taa yake. Habari zilifika nyumbani kabla yake, na mama alipiga magoti palepale kwenye majivu ya jiko. Tangu kijana huyu aanze kuchimba, mama hakuwahi kusikia mvua bila kushika tumbo. Akaamua papo hapo kwamba Jumapili, baada ya ibada, atapika, na timu nzima ije ile.

Siku zile tatu nilimwona mdogo wangu alivyokuwa zamani. Alilala. Alikula akaomba kuongezewa. Alipanda akaziba bati la jiko la mama lililovuja miaka yote. Alimpa ndugu yake shati lake jeupe la kanisani, akasema limembana. Mimi aliniletea madaftari yake ya shule, yale niliyosahihisha kwa wino mwekundu, akasema yatanifaa kufundishia. Nilifurahi mpaka nikaona haya. Nilimwambia mwalimu mwenzangu: "Mungu ameshanitolea mzigo mmoja, sasa namngoja anitolee wa pili."

Jumapili ile mama alichinja kuku wanne. Kulikuwa na bukari, sombe ya majani ya muhogo, samaki wakavu, na akina mama wa kanisa wameketi kwenye mikeka yao. Timu ilikuja imeoga na kupaka mafuta. Hata wa kati alitoka chumbani, amenyoa, amevaa lile shati jeupe. Mkuu wa timu, mtu mrefu mwenye sauti iliyokwaruzwa na vumbi, alisimama kusema neno.

"Huyu kijana, sisi wote tunamulilia," alisema. "Batu ya kushika kamba vile, hakuna tena. Tulimuuliza kama kawaida: unaenda kufanya nini? Akasema: naenda kupumuzika." Alicheka. "Basi tukapiga makofi! Apumuzike, eko na haki!"

Watu wote walicheka. Nilicheka na mimi.

Wa kati akasimama. "Hapana," akasema kwa ile sauti yake ya kufukuza kuku. "Musicheke. Kupumuzika haiko kazi. Mulimuuliza kazi, hakusema kazi!"

Uso ulinichoma. Nilikuwa na miaka miwili ya sauti ile masikioni, na sasa ameileta hadi kwenye furaha ya kwanza ya mama. "Nyamaza!" nilimwambia mbele ya wote. "Hata leo? Hata leo unatuletea kifo ku meza?"

Akina mama wa kanisa waliinamia sahani zao. Na hapo wa kati akafanya jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya: alishusha sauti. Alikuja akachuchumaa karibu na kiti changu, mdomo sikioni kwangu.

"Yaya," alisema, kama dada mkubwa anavyoitwa kwetu, "ile sura mi naijua." "Siku yenye mi nilikata shauri, na mi nililala muzuri. Nilikula. Nilikuwa na amani, hata mama alifurahi. Wewe hukujua ile siku, na mi sikusema, sababu ile siku sikupiga kelele. Muulize. Mi ataniambia bongo, atanidanganya. Wewe, hawezi kukudanganya."

Nikamwambia aondoke mbele yangu. Na nikaendelea kula. Nalisema hili wazi kwa sababu wengi hupenda kusimulia kwamba moyo uliwaambia. Mimi moyo haukuniambia kitu. Nilitafuna kuku, nikaitikia wimbo mmoja, nikampokea mama mmoja mtoto wake aliyekuwa analia. Kilichoniinua ni jambo dogo: niligeuka kumtafuta kitindamimba ili nimwonyeshe wa kati jinsi mwenzake alivyo na furaha, nimnyamazishe kabisa, na mwenye sherehe hakuwapo.

Alikuwa nyuma ya nyumba anaosha sahani za wageni. Wasichana wa kanisa walitaka kumsaidia, akawarudisha wakale. Alikuwa amezipanga kwa ukubwa, kubwa chini, ndogo juu.

Nyumbani kwetu neno lile halitamkwi. Mama anaamini ukilitaja umeliita. Mimi nimesoma, lakini na mimi niliamini kwamba kumuuliza mtu ni kumpandia wazo asilokuwa nalo. Nilisimama pale nikimtazama akisugua, nikatafuta njia ya kuzunguka, sikuiona. Nikamuuliza kama ninavyomuuliza mwanafunzi.

"Unataka kujiua?"

Hakushtuka. Aliisuuza sahani aliyokuwa nayo, akaiweka mahali pake. Kisha akanijibu kwa heshima ileile ya siku zote.

"Haiko leo, yaya."

Akachukua sahani nyingine.

"Leo mama eko na furaha," akasema. "Nilisema ningoje kwanza amalize."

Nilikaa chini kwenye maji machafu, na gauni langu la kanisa. Nililia kama sijawahi kulia hata baba alipokufa. Na yeye akaanza kunibembeleza. Yeye ndiye aliyenibembeleza! "Pole, yaya. Sikukuwa nataka kukusumbua." Nilishika mikono yake yenye sabuni, nikamkemea, nikamwuliza ni lini nilimwambia asinisumbue. Alifikiri. Alikuwa anatafuta jibu la kweli.

"Mi njo nilishika kamba ile siku," alisema hatimaye. "Na huku ku nyumba mulikuwa tayari na mugonjwa. Bagonjwa babili, ni mingi kwa mama."

Nilimwita wa kati. Sikuwa na uso wa kumtazama, lakini hakuudai. Alikuja akakaa upande wa pili wa beseni, bega kwa bega na mdogo wake, akachukua kitambaa akaanza kufuta sahani, vibaya, akiziacha na maji. Usiku ule hatukumwacha peke yake hata kidogo. Tulimuuliza ni kitu gani tuondoe nyumbani, akatuambia, tukakiondoa. Asubuhi tulikwenda hospitali.

Kwenye mstari aliwapisha akina mama watatu wenye watoto. Alitaka kumpisha na wa nne, nikamvuta shati. Tulipoingia, muuguzi wa wagonjwa wa namna yetu, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alimuuliza anajisikiaje.

"Bien, mama," akasema mdogo wangu. "Haiko mubaya sana."

"Mama, huyu eko anadanganya na adabu!" wa kati alipaza sauti mpaka walio nje wakachungulia. "Andika yenye mi ntasema!" Na akasema yote, mkono mmoja juu ya goti la mwenzake. Kwa mara ya kwanza nilimshukuru Mungu kwa koo lile.

Muuguzi hakuandika ya wa kati. Aliweka kalamu chini akamgeukia mgonjwa, akauliza tena, polepole, akangoja. Alingoja muda mrefu kiasi kwamba mimi, kwa tabia yangu, ningekuwa nimekwisha kumpa majibu mawili. Ndipo mdogo wangu akazungumza.

Baadaye alituita sisi wawili kando. Nilikuwa na hasira, nikamwambia maneno ya kijinga: kwamba sasa nimeelewa, anayepiga kelele hana hatari, hatari ni aliyenyamaza.

"Nani alikuambia vile?" alinikatiza. Alimnyooshea wa kati kidole. "Huyu naye alikuwa karibu, na eko anakuambia mwenyewe. Ugonjwa ni moja, mama, lakini kila mutu anaubeba na tabia yake. Huyu, hatari yake ni moto. Saa moja ya hasira inaweza kumubeba kabla mutu hajasimama. Ule mudogo, hatari yake ni haya. Anajihukumu, anapanga polepole, na hapendi kusumbua. Tabia haisemi nani atakufa. Inakuonyesha tu fasi ya kuangalia." Alivaa miwani yake. "Huyu, mumusikilize hata akipiga makelele. Ule, musingoje aseme. Mumuulize kila siku. Na yeye ajifunze kusumbua."

Alitupa dawa na tarehe ya kurudi. Alituambia dawa haifanyi kazi kesho wala kesho kutwa, tuhesabu majuma, na tusidanganyike na siku moja nzuri.

Sitaki kudanganya kwamba tulitoka pale tumepona. Mama alikataa dawa za mtoto wake wa pekee asiye na kasoro. Alileta watu wa kuombea, akalia kwamba ni kilio cha marehemu kinamfuata, kisha akanigeukia mimi kwa nini nililitamka lile neno siku ya sherehe. Tulikosana wiki nzima. Baadaye alikubali kumpa dawa kwa mkono mmoja na kuomba kwa mkono mwingine, na hapo tumekaa mpaka leo. Ndugu hao wawili sasa hulindana, na kila mmoja anajua ya mwenzake. Wakati mwingine nawasikia wakigombana, wa kati akifoka: "Sema basi! Sema kitu!" na mdogo akinyamaza. Zipo asubuhi ambazo namuuliza swali langu naye ananijibu "hapana, yaya" vizuri mno, nami naenda shuleni sijui kama nimwamini. Nafundisha mgawanyo huku nimekaza masikio kwa simu.

Mwezi uliopita, katikati ya somo, watoto walisimama wote kwa pamoja kumsalimu mtu. Nilikuwa naandika ubaoni. Nikageuka, na mdogo wangu alikuwa mlangoni, ameshika kofia yake kwa mikono miwili, jasho linamtoka. Alikuwa ametembea kwa miguu kutoka Kasulo, ambako hakuwa tena na kazi.

"Samahani, yaya," alisema. Aliwatazama watoto, akayashusha macho. "Leo haiko muzuri. Haiko muzuri hata kidogo. Sitaki kubakia peke yangu."

Niliweka chaki. Niliogopa, na wakati huohuo nilitaka kupiga vigelegele mbele ya darasa la nne. Niliwaambia watoto wanakili ubao mpaka mwisho, nikamwomba mwalimu wa jirani awatazame, nikachukua mkoba. Hakuna mtu aliyewahi kunikatiza somo nikamshukuru. Yeye nilimshukuru mara tatu kabla hatujafika getini.

Njiani kwenda hospitali nilimuuliza kama alikutana na mtu yeyote tunayemjua, mtu ambaye angeweza kukaa naye badala ya kutembea mbali vile katika hali ile.

"Ndiyo," alisema. "Nilikutana na bamama ba kanisa. Balisimama, balinisalimia. Balisema: leo uko muzuri sana, unacheka."

"Na wewe ukasema nini?"

"Nikasema asante."

Nikamshika mkono, mtu mzima na ndevu zake, na sikuuachia barabarani mbele ya watu wote mpaka tulipofika.